Bleidi za Namba Moja

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, usijali, nitakufupishia. Ila usianze kunicheka sasa. Ya kuchekwa yako mbele.

Mimi ni Job Nyangau wa Ikonge. Kwa miaka tisa nimeuza visu vya kukunja kutoka China, vile vya kutia mfukoni. Hufika vikimetameta, hukaa wiki mbili, halafu skrubu inalegea na kisu kinajikunja chenyewe hata kama hujakiambia.

Sasa kimoja kilijikunja juu ya kidole gumba cha baba mkwe wangu, Mzee Manasseh, akiwa katikati ya kupandikiza miche yake ya avokado. Huyu ni mzee wa kanisa la Sabato kule Ekerenyo, hatukani mtu. Alikitazama kidole, akakitazama kisu, akanitazama mimi.

"Job," akasema, "hii uliniletea ni ya kukata mti ama ya kukata mtu?"

Kwa aibu nilisimama mbele ya majirani zake wote nikatangaza kwamba visu vya ng'ambo basi. Kuanzia siku hiyo visu vitatengenezwa nyumbani, Ikonge, na mimi mwenyewe. Nani alinituma? Hakuna.

Nilirudi nikageuza jiko la mke wangu, Damaris, kuwa kiwanda. Niliandika KIWANDA mlangoni kwa chaki. Damaris alilisoma neno hilo mara mbili, akafunga kikapu chake, akarudi kwao. Wiki jana niliwaacha hapo, nimesimama mlangoni na chaki mkononi.

Nilimfuata siku hiyo hiyo. Mzee Manasseh alinipokea langoni na kiti hakunipa.

"Ijumaa," akasema. "Uniletee kisu kimoja kimetengenezwa hapa nyumbani. Kikate, kikunjike, kisiumize mwenyewe. Ukikileta kabla jua halijatua, utaenda na mke wako. Kama huna, usikuje na maneno."

"Kila kitu kiwe cha nyumbani, Baba?"

"Kila kitu."

"Hakuna shida," nikasema.

Shida ilikuwepo, tena kubwa. Sikujua kutengeneza kisu. Nilijua kukiuza tu.

*

Nilikuwa na fundi mmoja, Mose, mwenye kuchomelea mageti na milango pale sokoni Ikonge. Amenizidi miaka kumi, na huniita Boss kwa sauti ambayo sijawahi kuipenda.

Jumatatu asubuhi nilimwambia aanze na mpini.

"Mpini wa nini?" akauliza.

"Wa kitu cha nyumbani."

Aliondoka, akarudi na bonge la jiwe la sabuni begani, lile ambalo watu wa Tabaka huchongea sahani na vinyago.

"Jiwe, Mose?"

"Si ulisema nyumbani? Hii iko nyumbani kuliko wewe."

Alichonga siku nzima. Mpini ulitoka mzuri kweli, rangi ya waridi, umenawiri. Nilipoutia mfukoni suruali iliteremka upande mmoja, nikaona hilo ni jambo dogo, tutalirekebisha baadaye.

Ilibaki bleidi, yaani ule ubapa unaokata. Na hapa ndipo ninapoungama, kwa sababu hata Mose sikumwambia. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikaingia katikati ya migomba, nikapiga simu Nairobi kuagiza bleidi za ng'ambo.

Ndiyo. Nilimwahidi mkwe kila kitu cha nyumbani, halafu nikaagiza moyo wenyewe wa kisu kutoka kontena. Nilijiambia Mzee hatajua. Chuma hakina kabila.

Namba nilipewa na mwenye duka la vyuma mjini Kisii. Aliniambia kuna mama anaitwa Natasha, anauza kwa jumla chochote kinachoshuka bandarini, kuanzia bawaba hadi urembo.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima ulijue. Ulimi wetu sisi Wagusii na herufi L wana ugomvi wa zamani. Mtu akitaka kusema Lilian anasema Ririan, na anaapa amesema Lilian. Mimi sina tatizo hilo. Ndivyo nilivyoamini hadi wiki hiyo.

"Haro, mama," nikasema. "Uko na breidi?"

"Breidi ziko nyingi, kaka. Unataka za jumla?"

"Za jumla. Ni za kiwanda."

"Kiwanda! Mungu akubariki. Ndefu ama fupi?"

"Za katikati. Zitoshe kwa mfuko wa suruali."

"Mfuko wa suruali?"

"Watu wetu hutembea nazo mfukoni."

"Haya, kila mtu na vile anabeba. Namba moja ama namba mbili?"

Hapo nilijiona mjanja. Mwenye kiwanda hachukui namba mbili. "Namba moja zote!"

"Za kunyooka ama za mawimbi?"

"Mama, ya mawimbi nitafanyia nini? Nyoosha."

"Sawa. Na hizi zangu hazikatiki. Mtu anaweza kuvuta mpaka kichwa kimfuate, lakini yenyewe haiachi."

Nilikuwa na daftari. Nikaandika: imara sana, inatoa kichwa.

"Ukimaliza kazi," akaendelea, "ile ncha unaitia kwa maji moto ndio ikae."

"Hiyo najua," nikasema kwa kiburi, maana nilishasikia kwamba chuma hutiwa majini. "Niambie, wanunuzi wako ni akina nani?"

"Kina mama. Na wasichana wa shule wakifunga."

Nilishtuka. Nikajua Nairobi imeharibika kuliko tunavyosikia kwenye redio, hata wasichana wa shule sasa wanajilinda. Nikamwonea huruma, nikalipa kwa simu pale pale, nikatoka migombani nikipiga mluzi.

*

Jumatano mchana gari la mizigo lilishusha magunia mawili makubwa mbele ya kiwanda.

Ilibidi nimwambie Mose. Nilimwambia kwa kifupi, huku nikiangalia pembeni, kwamba nimeagiza bleidi chache za kuanzia.

Mose alikunja mikono ya shati. Aliinama akainua gunia la kwanza. Aliliinua kwa kidole kimoja.

"Boss, chuma imekuwa nyepesi siku hizi."

"Teknolojia," nikamwambia.

Alikata kamba, akaingiza mkono, akavuta. Kitu cheusi kikatoka. Akavuta tena, kikaendelea kuja. Alirudi nyuma hatua moja, hatua mbili, akafika kwenye banda la kuku, na bado kilikuwa kinakuja.

"Boss," akasema polepole, "hii nitanoa upande gani?"

Zilikuwa nywele. Nywele za kusukia, zile wasusi huziita breidi, magunia mawili, nyeusi ti, namba moja zote, zimenyooka.

Nilimpigia Natasha hapo hapo.

"Mama, nilikuambia breidi!"

"Na nimekutumia breidi."

"Hizi si breidi! Hizi ni breidi!"

"Kaka, uko sawa?"

"Mimi nataka breidi! Breidi! Ya chuma!"

"Breidi ya chuma? Nani atasukwa na chuma?"

Mose alininyang'anya simu. "Wacha mimi niongee, wewe umekasirika." Akakohoa. "Haro, madam. Huyu hakuongea vizuri. Tunataka breidi. Ile ya kukata."

"Mnataka zilizokatwa?"

"Hapana, ile yenye inakata."

"Zangu hazikatiki, nilishamwambia."

"Ndiyo shida!" Mose akapiga kelele. "Sisi tunataka yenye inakata!"

Natasha alikata simu. Tulipopiga tena, hakushika.

Niliketi juu ya gunia nikalia. Sioni haya kulisema. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, kwa sababu niliona Ijumaa inakuja na mimi nina mpini wa jiwe na magunia ya nywele, na Damaris anakunywa chai kwao akisubiri nipate akili. Nyumba bila yeye ilikuwa kimya hadi jogoo alikuwa anawika kwa adabu.

Mose aliniacha nilie. Kisha akaja, akaketi kwenye gunia la pili.

"Kwa hivyo mimi ni wa mpini tu," akasema.

"Mose, nilijua wewe ni wa milango."

"Babu yangu alikuwa anafua chuma. Omoyio ya babu ilinyoa watu wa hapa kabla wembe haijaletwa."

Omoyio ni kisu kwa lugha yetu. Niliacha kulia.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniambia, 'Mose, chonga mpini.' Nikachonga. Wewe ukaingia kwa migomba kuongea na Nairobi. Ulidhani sikuoni?"

Nilikuwa nimetangaza kurudisha kazi nyumbani, na nyumbani kwenyewe sikuwahi kuuliza nani anaijua.

"Unaweza kutengeneza moja?" nikauliza kwa sauti ndogo. "Moja tu, kabla ya Ijumaa?"

"Niko na springi ya lori nyuma ya choo, mwaka wa nane huu," akasema Mose. "Chuma nzuri. Lakini springi inataka moto mkali, na moto mkali unataka upepo. Babu alikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Mimi niko na mapafu yangu, nayo yana pumu."

*

Alhamisi asubuhi tulipuliza moto kwa sinia, kwa gazeti na kwa vinywa vyetu. Springi ilipata joto la kuota tu. Mose alikohoa hadi akakaa chini.

Ndipo Gladys akaingia. Gladys ana saluni pale sokoni, na nyuma yake walikuwepo wanawake sita na mmoja aliyesukwa nusu kichwa.

"Job, nasikia umeleta breidi."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo neno lilieleweka mara moja.

"Nani amekuambia?"

"Dereva alisema ameshusha magunia mawili kwako. Mimi kwangu zimeisha, na harusi iko Jumapili. Ona huyu amebaki hivi." Akamgeuza yule wa nusu kichwa ili nimwone vizuri. Upande mmoja alikuwa tayari kwa harusi, upande wa pili alikuwa tayari kuchuma majani chai.

Nilitaka kumwambia achukue zote zinitoke machoni. Mose akaniwahi.

"Gradys, ile draya yako ya kushika na mkono, inapuliza sana?"

"Inapuliza kama shetani."

"Tupatie draya, uchukue magunia yote."

"Mnataka draya ya nini? Nyinyi wawili hamna nywele za kukausha."

"Ya chuma," nikasema.

Gladys alimtazama Mose, akanitazama mimi, akaangalia neno KIWANDA mlangoni. "Damaris alifanya vizuri kwenda," akasema. Lakini nusu saa haikupita, draya ikawa mezani na magunia yakawa sokoni.

Nikwambie ukweli, sijawahi kuona moto wa namna ile. Mose aliielekeza draya makaani na springi ikawa nyekundu, kisha rangi ya chungwa. Akaigonga, akaigonga, ikalala. Nilitamani Damaris angekuwepo aone. Halafu nikakumbuka ni makaa yake, nikaona afadhali hayupo.

Bleidi ya kwanza Mose aliitia kwenye maji. Ikapasuka vipande viwili.

"Babu alitumia mafuta," akasema akijikuna kichwa. "Nilikuwa nimesahau."

Saa tisa tukapasha ya pili. Saa tisa na dakika tano stima ikapotea, draya ikanyamaza, na Ikonge yote ikasema "Aaah!" kwa pamoja.

Stima ilirudi Ijumaa asubuhi. Mose aliuliza chombo cha kutilia mafuta. Niliangalia huku na huku, nikampa sufuria. Haikuwa sufuria ya kila siku. Ilikuwa ile kubwa ya ugali wa wageni. Tukaijaza mafuta machafu ya gari kutoka gereji.

Bleidi ya pili iliingia mafutani, ikafoka, ikatulia. Haikupasuka.

Mose aliinoa kwa jiwe, akaitia mpinini kwa msumari aliougonga pande zote mbili, akaniomba mshipi wangu wa ngozi ili amalizie makali. Akapitisha bleidi huku na huku, taratibu, kwa ustadi mkubwa. Mara ya nane mshipi ukawa vipande viwili.

"Inakata," akasema Mose.

Nilimkumbatia. Nilifurahi kiasi kwamba mshipi sikuuhesabu. Kisu chetu kilikunjika, kilifunguka, na kilinyoa nywele za mkono wake bila kumgusa ngozi. Kimetengenezwa Ikonge, kwa springi ya nyuma ya choo. Nilihisi nimekuwa mtu.

*

Kumfuata mke huendi peke yako, unakwenda na mtu wa kukusemea. Wazee wote niliowafikia walisema wana kazi, kwa hiyo nilikwenda na Mose. Alivaa koti la marehemu babu yake lililomfika magotini, na kwa mbali alionekana mtu wa maana.

Tulifika Ekerenyo kwa pikipiki saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado juu ya kilima, ila si sana.

Mzee Manasseh alikuwa ameketi uani karibu na kitalu chake cha avokado, kidole gumba kikiwa bado na kitambaa cheupe. Damaris sikumwona. Niliona kanga yake kwenye kamba, na moyo ukanipasuka kwa hiyo kanga tu.

Nikashuka kwenye pikipiki. Ndipo kisu kikaniambia kipo.

Kumbuka mpini ni jiwe. Kumbuka mshipi sina. Suruali ilianza safari yake, nikaikamata kwa mikono miwili kiunoni. Na wakati huo huo mlango ukafunguliwa, akatoka mama mkwe wangu, Bonareri.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana hadi kuogopana. Humsogelei, humtanii, humtazami usoni. Kuna mambo ambayo mama mkwe akiyaona kwako, utahama kata. Suruali kuanguka ndilo la kwanza katika hayo.

"Job, mwanangu," akasema kwa heshima, "umefika salama?"

"Salama, Mama," nikajibu, nimejikamata tumbo kwa nguvu zangu zote.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Mbona umejishika hivyo? Ni tumbo? Nikuletee dawa ya mwarobaini?"

"Niletee, Mama," nikasema, ili aondoke.

Aliporudi na kikombe, sikuwa na mkono wa kupokea. Mose alipokea, akaninywesha mbele ya wakwe zangu. Nilikunywa dawa chungu ya ugonjwa ambao sina, hadi tone la mwisho, na Mama Bonareri akatikisa kichwa kwa huruma akarudi ndani.

"Kisu," akasema Mzee Manasseh.

"Mose," nikanong'ona, "kiko mfuko wa kulia. Kitoe. Mimi siwezi."

Mose alinitia mkono mfukoni, Mzee akitazama. Alikitoa. Suruali ikapata nafuu na mimi pia.

Mzee alikipima mkononi. "Ni kizito."

"Ni jiwe ya Tabaka, Mzee," Mose akasema. "Ukikosa kukata, unapiga nayo."

Mzee hakucheka. Alikifungua. Akachukua mche wa avokado, akachagua kikonyo, akakichonga kwa mshazari. Kikonyo kilikatika laini, bila kuchubuka. Akakiingiza kwenye mche, akakifunga. Akachonga cha pili. Na cha tatu. Kisha akakunja kisu, akakifungua, akakikunja tena, akakitazama kidole chake gumba. Kidole kilikuwepo.

Alikishika kwa mikono miwili. Amepandikiza miche maisha yake yote kwa visu vya watu.

"Na kila kitu ni ya nyumbani?" akauliza. "Niambieni ukweli. Sabato inaingia."

Nilifungua kinywa niungame, naapa nilitaka. Lakini msemaji wangu alikuwa Mose.

"Mzee, ukweli ni huu," akasema akisimama wima ndani ya koti. "Breidi ni yangu. Nimefua na mkono yangu. Breidi ndio ilikuwa ya ng'ambo."

Mzee alikunja uso. "Breidi ni yako, na breidi ni ya ng'ambo?"

"Hapana, Mzee. Breidi ilitoka Nairobi, lakini hatukuitumia. Tulimpatia Gradys. Hii hapa ni breidi."

"Gradys ana breidi yangu?"

"Ana breidi, hana breidi!"

"Mnanichezea?" Mzee akasimama, kisu mkononi. "Job, mimi mkono yangu inauma wiki ya pili, na mnakuja hapa kunichezea?"

"Baba, ni breidi!" nikapiga kelele, na sauti yangu mwenyewe nikaisikia, na nikajua kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kwamba nami siwezi kuisema. Nikaachilia mkono mmoja nikajivuta nywele za kichwani. "Hii! Niliagiza chuma kwa siri, Baba, nikakudanganya, wakaniletea hii! Magunia mawili!"

Nyuma ya mlango kitu kilidondoka. Halafu nikasikia kicheko.

Nakijua kicheko hicho. Kinaanzia puani, kinazuiwa, kinashindikana. Damaris alitoka ameshika fremu ya mlango, machozi yakimtoka.

"Nywele, Baba," akasema. "Ameagiza bleidi, wakamletea nywele." Damaris alisomea Mombasa. L yake inang'aa.

Mzee Manasseh alikaa chini taratibu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Aliinama akajifunika uso kwa mkono wenye kitambaa, akacheka mpaka akamwita Mungu, "Nyasae!" mara tatu, nami nikacheka kwa woga, na Mose akacheka bila kujua tunacheka nini.

"Umedanganya," Mzee akasema hatimaye akijifuta macho, "lakini umesema mwenyewe. Na kisu ni kisu. Damaris, chukua kikapu chako."

Wiki nzima nilikuwa nikiisubiri sentensi hiyo.

Damaris hakusogea.

"Baba," akasema kwa upole, "wewe ulitaka kisu, na umepata. Mimi sikuondoka kwa sababu ya kisu."

"Ni jiko!" nikadakia. "Nitarudisha jiko! Jumapili nafuta chaki, napiga rangi..."

"Si jiko."

"Ni sufuria?"

Damaris alinitazama. "Sufuria imefanywa nini?"

Mose alikohoa. "Mafuta ya gari," akasema.

"Sufuria gani?"

"Ile kubwa."

Damaris alifumba macho, akayafumbua. "Sufuria nilikuwa sijajua," akasema. "Hiyo tutafika. Job, wewe kweli hujui kwa nini niliondoka?"

Nilimwangalia mke wangu. Nilikuwa nimemkumbuka sana, lakini sababu sikuijua. Nilitikisa kichwa.

"Haya," akasema. "Niliondoka kwa sababu..."

Mzee Manasseh aliinua mkono. Sote tuligeuka. Nyuma ya kilima jua lilikuwa limekwenda.

"Sabato imeingia," akasema. "Mambo ya ugomvi tumeweka chini. Damaris, neno hilo litangoja mpaka kesho jua likitua."

"Baba, ni neno moja tu!" nikamsihi.

"Hata moja. Na hakuna safari ya Sabato, mtalala hapa. Mama Bonareri! Lete vitabu vya nyimbo."

Tukaingizwa ndani. Damaris aliketi mkabala nami, kitabu kimefunguka mkononi, akiimba sauti ya pili bila kosa na kunitazama juu ya kurasa. Hakuonyesha hasira. Hakuonyesha msamaha pia.

Nilianza kuhesabu makosa yangu kimoyomoyo, moja baada ya jingine, ili kesho nisikose jibu. Kufikia wimbo wa tatu nilikuwa nimefika kumi na moja, na bado nilikuwa kwenye mwaka wa kwanza wa ndoa.